Bastola ya 22 inayochagua chakula kama mtoto mwenye homa

Niseme ukweli mapema kabla mtu hajaniuliza: hii bastola mi sijaishika mkononi hata siku moja. Iko Louisville, Kentucky, kule Marekani, kwa kijana wangu wa tatu, na mimi niko hapa komini Kenya, Lubumbashi (Kenya ya kwetu, si ile inchi), katikati yetu kuna bahari nzima na masaa 6 au 7 ya tofauti. Lakini kwa miezi 5 kila Jumamosi saa kumi jioni, wakati kule iko saa tatu au saa nne asubuhi, nilikuwa nakaa chini ya muembe na telefone nangojea video zake, nasikiliza pa, pa, pa, halafu tak. Ile tak njo ilikuwa kazi yangu.

Mi nilifanya kazi ya ajusteri (fundi wa mashine) miaka 31 kwenye atelie za Gécamines, kampuni ya migodi ya kwetu. Nimefungua pampu, nimefungua komprosa, nimetengeneza giaboksi ambazo watu walishazililia, bunduki hapana. Ila chuma ni chuma na resori (springi) ni resori, kitu kikikwama kuna fasi kimekwamia, ukiitafuta bila hasira utaiona. Naandika hii juu watoto wetu wengi wako kule sasa, wananunua hizi bastola ndogo kwa kucheza Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, halafu inawasumbua wanapiga simu nyumbani kulalamika kama vile siye njo tuliwauzia. Jina la kampuni sitaandika, la duka pia sitaandika, sitaki maneno, na tena kadiri nilivyoendelea kuelewa niliona nusu ya kosa haikuwa yao.

Na weye uliye hapa L'shi usianze kuuliza inapatikana wapi na bei gani. Raia kutembea na bastola huku kwetu ni kutafuta kifungo, au kitu kibaya kuliko kifungo. Hii ni habari ya mchezo wa kule, basi.

Yenyewe iko hivi: chini plastiki, juu kulasi ya aluminiamu (kulasi ni kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na kwenda mbele kila unapopiga), inabeba risasi 10 za 22 Long Rifle (risasi ndogo sana, 22 ni kipimo cha upana wake), bei dola 300 na kitu, ikatoka na sharjeri 2. Sharjeri ya risasi jamani, kile kisanduku cha kupakia risasi, si ya telefone, mama watoto aliposikia "sharjeri imeharibika" alikwenda kutafuta waya. Kwa picha ni nzuri, nyeusi, inafanana kabisa na bastola kubwa ya 9 milimita, na njo sababu kijana aliipenda. Muuzaji alimwambia "hii inakula kila kitu", kijana alinirudilia neno kwa neno, na pale pale akamuuzia kopo la risasi zaidi ya 500, zile za bei ya chini kabisa, zimemwagwa ndani bila mpango kama mahindi kwenye ndoo.

Inakula kila kitu. Hayo maneno niliyakumbuka sana.

Siku ya kwanza kwenye risasi 100 ilikwama mara 14. Nilimwambia aandike kwenye kaye (daftari) kila mara inapokwama, imekwama namna gani, asiniletee "imekataa" tu, juu "imekataa" haisaidii fundi. Akaandika. Mara 6 ganda lililokwisha kulia, yaani kupiga, halikutoka vizuri, likasimama wima kwenye dirisha la kulasi, Wamarekani wanafananisha na bomba la jiko, mi nilipoona picha nikasema hiyo si bomba la jiko, hiyo ni shemine ya Gécamines yenyewe, imebaki moshi tu. Mara 5 sindano (kile kichuma kinachogonga kitako cha risasi) ilipiga, risasi haikulia, njo ile tak. Mara 3 risasi mpya ilielekeza pua juu au chini ikashindwa kuingia kwenye chumba, kile kitundu cha nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Hizo ni magonjwa matatu tofauti, na kijana alikuwa anataka dawa moja.

Sasa lazima nieleze hii risasi yenyewe ikoje, mtu akielewa hapo mengine yote yanafuata. Risasi za bastola kubwa katikati ya kitako ziko na kikombe kidogo chenye baruti ya kuwasha, sindano inapiga pale katikati, moto unatoka. Hii ya 22 haina kikombe. Kitako chake ni bati jembamba lililokunjwa pembeni, na ile baruti ya kuwasha wanaiweka ndani ya ganda ikiwa mbichi, wanazungusha ganda kwa kasi ili iende ikajipake ndani ya ukingo mzima. Sindano inapiga ukingo, inaubana, moto unatoka. Ni ufundi wa zamani sana, Mfaransa Flobert alishaanza na mambo ya namna hiyo miaka ya 1840, Smith & Wesson wakatoa 22 Short mwaka 1857, hii Long Rifle yenyewe ni ya 1887. Mpaka leo inatengenezwa karibu vile vile, na ni bei ndogo juu ya huo urahisi.

Lakini kwenye kuzungusha, wakati mwingine baruti haifiki kote. Unabaki upande mmoja wa ukingo hauna kitu, au uko na kidogo sana. Sindano ikiangukia pale, tak. Risasi ile ile ukiigeuza kidogo na kupiga upande mwingine, inalia. Kwenye makopo ya bei ndogo hiyo iko mara nyingi kuliko kwenye pakiti za watu wanaochunga kazi yao.

Nilitaka kuona kwa macho. Jumamosi ya tatu nikamwambia zile zisizolia usitupe, bakisha. Na hapa sikiliza vizuri weye kijana unayesoma: risasi isipolia usifungue haraka, elekeza mbele kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, njo ufungue, juu kuna zinazochelewa kuwaka. Akakusanya 10. Usiku akazipanga kwenye karatasi nyeupe, vitako vikiangalia juu, akaniwekea taa ya telefone ya pili pembeni ili kivuli kionyeshe shimo. Huku kwetu umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili, niko gizani nakuza picha kwa vidole viwili, batri 11 kwa mia. Nikaona. 8 ziko na alama nzuri, ndefu, imezama kwenye ukingo sawasawa, bastola ilikuwa imefanya kazi yake. 2 ziko na alama hafifu kama kucha ya mtoto. Nikamwambia zile 8 kosa ni la risasi, zile 2 ni la bastola, Jumamosi ijayo chukua zile 8, zigeuze upande mwingine, piga tena. 7 zililia.

Kijana akacheka, akaniita "docteur". Nilifurahi, sitadanganya.

Zile 2 za alama hafifu tulikuja kukuta kulasi ilikuwa haijafunga mpaka mwisho. Ikibaki nafasi ya unene wa karatasi tu, nguvu ya nyundo inaliwa na kusukuma risasi iingie, haibaki ya kubana ukingo. Na kwa nini haikufunga? Uchafu. Hii risasi ya 22 iko na tabia nyingine, madini ya risasi yake hayajavikwa shaba nzuri kama ya bastola kubwa, mengi yako uchi yamepakwa nta tu kwa nje, kitako cha kijiwe chenyewe (kile kipande kinachoruka) kimepunguzwa kiingie ndani ya ganda na kile kilichobaki nje kiko na unene sawa na ganda. Kwa hiyo nta iko nje, inashika mchanga, inashika nyuzi za mfuko, na ikipata moto inageuka ugaga pamoja na moshi wa baruti. Kwenye baridi ya Kentucky mwezi wa kwanza ile nta inakuwa ngumu tena. Chumba cha risasi kinajipaka pete nyeusi, risasi mpya inagoma kwenye pete.

Kijana alikuwa anasafisha, ndiyo, lakini alikuwa anamwaga mafuta kama anakaanga samaki ya tompson. Mafuta mengi na moshi vinafanya matope. Nikamwambia kausha yote, burashi ya shaba kwenye chumba, kitambaa kikavu, tone moja tu kwenye kila reli ya kulasi, basi. Na asiwe anapiga nyundo bila risasi ndani kwa kujifurahisha jioni mbele ya televizio, juu kwenye bastola nyingi za ukingo sindano ikikosa risasi inagonga mdomo wa chumba chenyewe, inaacha kidonda, na kile kidonda kinakuja kukwamisha risasi baadaye. Kuna zile zinazoruhusu, kitabu chake kinasema. Alikuwa hajafungua kitabu. Watoto wa siku hizi.

Baada ya usafi tukashuka kutoka 14 mpaka 8 kwenye 100, ni kopo lile lile. Bado mbaya.

Hapo njo nikaanza kufikiria nguvu. Angalia kazi tunayoidai kwa hii risasi ndogo: kijiwe chake ni gramu 2.6, kile cha 9 milimita cha kawaida kiko karibu mara 3 ya hapo. Hakuna komeo linalofunga, ganda lenyewe linasukuma kulasi nyuma, na katika ule mwendo mmoja lazima libane resori, liinue nyundo, lifike mpaka mwisho, ganda ligonge chuma cha kulitupa nje, halafu resori irudishe kulasi mbele, ichomoe risasi mpya kwenye sharjeri, iipandishe mteremko, iifunge. Ni kama wale vijana wanaosukuma kinga (baiskeli) na magunia ya makala (mkaa) kutoka porini, kinga inafika, lakini ukiwanyima chakula asubuhi itaishia kwenye kilima cha kwanza. Kwa hiyo wahandisi wanafanya kulasi nyepesi na resori dhaifu ili risasi iweze kuzisukuma. Wakiifanya nyepesi sana inakimbia ovyo, wakiifanya nzito kidogo inashindwa na risasi za polepole. Hawana nafasi kubwa ya kucheza. Na ile kufananisha umbo na bastola kubwa inawabana zaidi, juu wanalazimika kuweka kulasi nzima ndefu fasi ambapo bastola za shabaha za zamani zinaweka kifungio kidogo cha mviringo tu kinachotembea ndani.

Basi tukafanya majaribio ya chakula. 50 kila aina, sharjeri ile ile, imesafishwa kila mara, asubuhi ile ile. Alilalamika bei, nikamwambia hiyo pesa umeshaitupa kwenye kopo.

Za polepole za kampuni nzuri, zile zinazotoka karibu mita 326 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti: zilikwama 9 kwenye 50, na zote 9 ni shemine. Hakuna hata moja iliyokataa kulia. Na kwenye karatasi ya shabaha matundu yote yamekaa pamoja, uzuri wa ajabu. Yaani risasi bora kwa kulenga njo hii bastola inaikataa, juu haina nguvu ya kurudisha kulasi mpaka mwisho.

CCI Mini-Mag, hizo ziko kama mita 376 kwa sekunde, gramu 2.6, zimevikwa rangi ya shaba nyembamba: ilikwama 1 kwenye 50. Tukarudia 50 nyingine, sifuri. Mi nilisimama pale chini ya muembe peke yangu nikapiga makofi, jirani akafikiri timu yetu ya mpira Mazembe wamefunga.

Stinger, za kampuni hiyo hiyo ya CCI, hizo ni wazimu, kijiwe gramu 2.1 na mwendo karibu mita 500 kwa sekunde wanavyoandika kwenye pakiti (kipimo hicho ni cha mtutu mrefu wa karabini, kwenye bastola inashuka): zilikwama 2, na kijana alisema kulasi inagonga nyuma kama nyundo. Nikamwambia acha. Ni ghali, zinachosha chuma cha aluminiamu, na ganda lake ni refu kuliko la kawaida, kwenye vyumba vilivyobanwa vya bastola za mashindano haziruhusiwi kabisa. Chakula si kula nyama kila siku.

Zile za Waingereza Eley za mashindano hatukununua. Bei yake kwa sanduku ni ya mtu anayekwenda Olimpiki, na kwa kweli kwenye Olimpiki zile bastola za mita 25 ni 22 hii hii, hata pale mbele ya dunia nzima zinakwama, mpaka kanuni zao ziko na ukurasa wa bastola ikikwama mtu afanye nini. Hiyo ilinituliza moyo kidogo.

Kitu kimoja kilinitia hofu. Katika lile kopo, Jumamosi moja nilisikia kwenye video sauti ambayo si pa na si tak, ilikuwa "pfu", kama mtu anafungua chupa ya bia ya Simba iliyokaa juani. Kijana akawa anavuta kulasi aendelee. Bahati msimamizi wa uwanja alikuwa nyuma yake, akamshika bega. Wakaondoa sharjeri, wakafungua, wakapitisha fimbo ya shaba nyembamba kwenye mtutu kuangalia kama kijiwe kimebaki ndani. Hakikuwamo. Kingebaki, na angepiga nyingine nyuma yake, mtutu ungeweza kupasuka mkononi. Nilimpigia simu saa ile ile, sikungoja jioni, na nilimsemesha maneno ambayo sitayaandika hapa. Sauti ikibadilika, SIMAMA. Hiyo haihusu aina ya bastola.

Sasa sharjeri. Hapa njo kosa la kiwanda lilikuwa, na hapa njo nawakatia pointi.

Niliona kwenye kaye kwamba zile za kuelekeza pua juu zinakuja kwa vipindi, 10 nzuri, 10 mbaya. Nikamwambia chukua rangi ya kucha ya mke wako, andika 1 na 2 kwenye sharjeri. Wiki iliyofuata yote mabaya yalikuwa ya namba 2. Kwa macho ziko sawa kabisa. Nikamwambia chukua pamba, ivute polepole kwenye ile njia ndefu ya pembeni ambamo kile kitufe cha kusukuma resori kinapanda na kushuka. Kwa namba 1 pamba ikapita. Kwa namba 2 ikashikwa fasi mbili, nyuzi zikabaki pale zinapepea. Hii tulifundishwa atelie, kidole kinadanganya lakini pamba haidanganyi, palipo na mwiba wa chuma itakuambia. Mwiba mdogo, kitufe kinachelewa kidogo tu, risasi haijapanda wakati kulasi inapita, basi inakwama.

Nilikuwa tayari kumfundisha kuitengeneza na tupa nyembamba, nikajizuia. Bidhaa mpya iko na garanti, acha wenyewe wabebe. Akaandika kwa kampuni akatuma video ya pamba. Walileta mpya baada ya wiki 3, bure, hawakusema pole, hawakusema asante, karatasi tu yenye namba. Ile mpya iko sawa mpaka leo. Kwa hiyo huduma yao naipa wastani, kitu kilikuja, lakini bastola ya dola 300 kutoka kiwandani na sharjeri yenye miiba ni mtu hakukagua.

Halafu kuna kosa moja la kijana mwenyewe. Hizi risasi ziko na ukingo unaotoka nje, ukizipakia lazima ukingo wa risasi ya juu ukae mbele ya ukingo wa ile ya chini. Ukipakia haraka unaongea na watu, unabonyeza kitufe mpaka chini na kuziangusha ndani kama karanga, moja inakaa nyuma ya mwenzake, zinashikana kama pembe za mbuzi, na hapo hata Mini-Mag haikusaidii. Moja moja, gonga mgongo wa sharjeri kidogo kwenye meza, angalia mstari. Alipoanza kufanya hivyo zile za pua chini zikaisha.

Jirani yangu mzee, askari wa zamani, alikuwa anasikiliza hizi simu zote kutoka upande wa ukuta, siku moja akaja na kiti chake. Akasema mnajisumbua, 22 ni kitu cha kuulia panya, bastola ni ya Herstal, Ubelgiji, kiwanda cha FN, kwisha. Nikamwambia mzee, huyo John Browning aliyechora bastola za Herstal, na aliyefia pale pale Liège mwaka 1926, njo huyo huyo aliyechora ile 22 ambayo kampuni ya Colt ya Marekani walianza kuuza mwaka 1915, wakaja kuiita Woodsman. Na hata hiyo ilikuwa inachagua chakula, ila kinyume na yetu, zile za kwanza zilitaka risasi za polepole tu, za kasi zilipoingia sokoni Colt walilazimika kubadilisha sehemu ya nyuma ya bastola miaka ya 1930 ili ivumilie. Mzee akanyamaza kidogo, akasema lakini Browning alikuwa na akili. Nikamwambia ndiyo, njo maana hakudanganya mtu kwamba inakula kila kitu. Akaomba kinywaji cha munkoyo.

Kama kijana angeniuliza kabla ya kununua ningemwambia nini? Ningemwambia aache hii ya kufanana na bastola kubwa, atafute umbo la zamani la shabaha, mtutu umefungwa haujongei, kifungio kidogo cha chuma kizito ndani, kama ile kampuni ya Ruger waliyoanza nayo mwaka 1949 na wajukuu wake wanaouzwa mpaka sasa. Nimeuliza watoto wengine wa kwetu walioko Louisville na Phoenix, wenye umbo hilo wanalalamika kidogo kuliko wenye hizi za plastiki. Au revolva. Revolva ya 22 haihitaji risasi ivute kulasi, ikikataa kulia unavuta tena inakuja nyingine. Ila nayo si malaika: kichochezi chake kizito, juu nyundo lazima ipige kwa nguvu kubana ukingo, na vyumba vikichafuka maganda yanang'ang'ania ndani unayasukuma mpaka kidole kinauma. Kwa kufundisha mtu wa mwanzo mi ningechukua revolva, juu anajifunza subira, hapigi ovyo.

Na kuna wanaosema watailaza chini ya mto kwa kulinda nyumba. Hapana. Kitu ambacho katika chakula chake kizuri kabisa kinaweza kukataa mara 1 kwenye 100, kwa sababu tu ya baruti kukosa upande mmoja wa ukingo, hicho ni cha karatasi na makopo. Hilo haliko kwenye kampuni, liko kwenye risasi yenyewe, hata ulipe dola 2,000.

Alama zangu basi. Kulenga 4 kwa 5. Bei 4, juu hata kwa risasi nzuri bado kucheza na 22 ni nafuu kuliko 9 milimita, ingawa sharti uongeze kwenye hesabu zile pakiti 4 au 5 za kujaribu kabla hujajua yako inapenda nini, na usidanganywe na rafiki mwenye bastola kama yako, ziko mbili zimetoka kiwanda kimoja zinapenda risasi tofauti. Sharjeri 2, ningetoa 1 kama hawakubadilisha. Kudumu sijui kusema, miezi 5 ni michache. Muuzaji na maneno yake ya "inakula kila kitu", sifuri.

Jumamosi iliyopita alipiga 150. Ikakwama 1. Nikamuuliza ile 1 ilikuwa ya pakiti gani, akanyamaza, nikasikia mke wake anacheka nyuma. Alikuwa ameichomeka moja ya lile kopo, eti aone kama bastola imekwisha kuzoea. Nikamuuliza kwa nini lile kopo bado liko nyumbani. "Papa, kintu nalipia makuta yangu, ntatupa namna gani?" Bado amebakiza 200 na kitu.